Kukopa harusi, kulipa matanga: Historia ya tezi nne za shingoni

Miaka michache iliyopita mkaza mjomba wangu aliniuliza swali tukiwa ndani ya matatu, nami nikakosa jibu. Tulikuwa tukitoka kliniki. Mjomba alikuwa katika mwaka wake wa nne wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Nyonga zilimuuma, mgongo ulimuuma, na usiku ngozi ilimwasha hadi akajikuna kwa kitana. Sisi nyumbani tuliita hayo yote baridi yabisi, tukamchua kwa mafuta.

Siku hiyo daktari kijana alitazama karatasi ya maabara, akatikisa kichwa, akasema PTH ya mzee iko juu sana, kwamba ni parathairoidi ya sekondari. Kisha akamwambia apunguze maziwa, maharagwe na omena, na soda nyeusi aachane nazo kabisa. Akaita mgonjwa mwingine.

“Mwanangu,” mkaza mjomba akaniambia matatu ilipong’oa nanga, “wewe si ndiye mwalimu wa lugha? Hebu nieleze. Mtu anaumwa mifupa, halafu anakatazwa maziwa? Si tangu utotoni tunaambiwa maziwa ndiyo mifupa? Na hiyo sekondari, kwani kuna ya praimari?”

Abiria wa mbele alicheka. Mjomba hakucheka. Nami nilinyamaza, maana nilijua asili ya maneno mengi, lakini hayo ya mjomba sikuyajua.

Tangu siku hiyo nimesoma kiasi, na leo naomba msomaji aniruhusu nimjibu mkaza mjomba hadharani. Nimegundua kwamba maswali yake mawili, lile la maziwa na lile la sekondari, ndiyo yaliyowahangaisha matabibu wa Ulaya na Marekani kwa karibu miaka mia moja.

Tuanze na jina, kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha.

Mnamo 1850, mwanaanatomia Mwingereza Richard Owen alitoa taarifa kuhusu kifaru wa Kihindi aliyefia katika bustani ya wanyama ya London. Katika kumpasua kifaru huyo aliona kijitezi cha rangi ya manjano kilichoshikamana na tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba sisi husema mtu ana rovu. Owen alikitaja, akaendelea na kazi yake. Mwaka 1877 mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, aitwaye Ivar Sandström, alikiona kitu kama hicho kwenye shingo ya mbwa. Yeye hakupita. Alitafuta kwa wanyama wengine, kisha kwenye maiti 50 za binadamu, na mwaka 1880 akachapisha makala akieleza kwamba mtu wa kawaida ana tezi nne za namna hiyo, mbili kila upande, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Makala hayo hayakusomwa na wengi. Sandström alifariki mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 37, kabla mtu yeyote hajajua tezi zake zina kazi gani.

Jina alilozipa ndilo tulilo nalo hadi leo. Kwa Kigiriki, thairoidi ina asili ya neno la ngao, na para ni “kando ya”. Parathairoidi basi ni “kando ya ngao”. Ni kama kumwita mtu “jirani wa Hamisi”: umeeleza anakaa wapi, hujasema yeye ni nani wala anafanya nini. Nadhani ndiyo sababu neno hilo, hata likitamkwa sawasawa mbele ya mgonjwa, halimwachii kitu mkononi.

Kazi ya tezi hizi ilijulikana kwa ajali. Katika miaka ya mwisho ya 1870 na baada yake, wapasuaji wa Vienna na kwingineko walipokuwa wakiondoa marovu makubwa, baadhi ya wagonjwa walianza kukakamaa vidole na misuli siku chache baada ya upasuaji. Wengine walikufa. (Mkakamao huu si pepopunda, ingawa katika lugha za Ulaya majina ya maradhi hayo mawili yanafanana na yamewachanganya watafsiri wengi.) Mwaka 1891 Mfaransa Eugène Gley alionyesha kwamba tezi ndogo za pembeni ndizo zenye siri hiyo, na mwaka 1909 William MacCallum na Carl Voegtlin, huko Baltimore, waliwadunga kalisi mbwa walioondolewa tezi hizo, mkakamao ukatulia. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba tezi hizi hulinda kiwango cha kalisi katika damu. Kalisi ikipungua, misuli, neva na moyo huyumba. Na ghala kubwa la kalisi mwilini ni mifupa.

Sasa tufike kwenye swali la sekondari.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika maiti za watu waliokufa mifupa yao ikiwa imelainika, matabibu walikuta mara kwa mara tezi za parathairoidi zilizokua kupita kiasi. Je, kipi kilimzaa mwenzake? Jakob Erdheim wa Vienna alishika msimamo kwamba mifupa huugua kwanza, kisha tezi hukua ili kusaidia. Kwa hoja hiyo, tezi kubwa ni msaidizi na si adui. Mwaka 1925 mpasuaji wa Vienna Felix Mandl alikuwa na mgonjwa, kondakta wa tramu, ambaye mifupa yake ilikuwa imeoza kwa maumivu na mivunjiko. Mandl aliifuata hoja ya Erdheim hadi mwisho wake: ikiwa tezi ni msaidizi, mgonjwa aongezwe tezi. Alimpandikizia tezi zilizotoka kwa mtu aliyekufa kwa ajali. Hali haikubadilika. Ndipo akathubutu kinyume chake, akafungua shingo, akakuta uvimbe kwenye tezi moja, akautoa. Kondakta alianza kupona, akatembea tena. Miaka kadhaa baadaye maradhi yalirudi, lakini hoja ilikuwa imepinduliwa: tezi yaweza kuwa ndiyo mwanzo wa balaa.

Kisa maarufu zaidi ni cha nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell. Mifupa yake ilidhoofu hadi kimo chake kikapungua kwa zaidi ya sentimita 15. Alifanyiwa upasuaji mara sita wa kutafuta uvimbe na haukupatikana. Nahodha hakukata tamaa. Alikwenda maktaba kusoma anatomia mwenyewe, akashikilia kwamba watafute kifuani. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba huko Boston, Edward Churchill na Oliver Cope waliukuta uvimbe huo kifuani kweli. Wahenga wa pwani husema ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. (Tezi hiyo ni ya chombo cha bahari, upande wa nyuma, lakini msomaji atanisamehe kwa kuchezea neno.) Kwa bahati mbaya nahodha alikufa wiki chache baadaye kwa matatizo ya mawe kwenye njia ya mkojo. Figo zake zilikuwa zimeshaharibiwa na kalisi nyingi iliyokuwa ikimiminika kutoka mifupani.

Huo ndio ugonjwa wa “praimari” aliouulizia mkaza mjomba. Upo. Tezi yenyewe huharibika kwanza, kisha mifupa na figo hufuata.

Lakini Erdheim hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kwa mgonjwa mwingine. Katika miaka ya 1930 Fuller Albright wa Boston na wenzake walieleza kwamba wakati mwingine tezi zote nne hukua kwa pamoja, na mwaka 1935 Alwin Pappenheimer na Sigmund Wilens wa New York walionyesha kwamba tezi hizo hukua kwa watu wenye maradhi sugu ya figo. Kwa wagonjwa hao njia ni ya kinyume: figo huugua kwanza, tezi huitikia, mifupa hulipa. Tezi imekuwa mgonjwa wa pili, na hapo ndipo neno “sekondari” linapotoka. Halina uhusiano wowote na shule, wala halina maana kwamba ugonjwa ni mdogo au wa daraja la chini.

Kwa nini basi ugonjwa huu wa pili haukushughulisha watu wengi wakati huo? Jibu linatia simanzi. Wagonjwa wa figo walikuwa wakifa mapema mno. Mifupa yao haikupata muda wa kuuma.

Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya uvamizi wa Wanazi, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu katika mji wa Kampen, akitumia ngozi bandia ya kufungia soseji iliyozungushwa kwenye pipa. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Wa kwanza aliyeokolewa ni mwanamke mmoja mwaka 1945. Mashine hiyo ilifaa kwa siku chache tu, kwa kuwa kila mara mishipa mipya ilibidi itobolewe. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle alivumbua mrija wa kuachwa mkononi mwa mgonjwa, na kwa mara ya kwanza mtu asiye na figo zinazofanya kazi aliweza kuishi miaka mingi.

Watu waliishi, na mifupa yao ikaanza kuvunjika. Ngozi ziliwawasha. Mishipa ya damu ilijaa chokaa. Mwaka huohuo wa 1960, kundi la Stanbury huko Manchester, Uingereza, liliripoti kuondoa sehemu kubwa ya tezi hizi kwa mgonjwa wa figo ili kuiokoa mifupa. Hivyo ndivyo upasuaji wa “sekondari” ulivyoingia katika maandishi ya utabibu.

Lakini kukata si kuelewa. Uelewa ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1963 Solomon Berson na Rosalyn Yalow, wa New York, walionyesha namna ya kupima homoni ya tezi hizi katika damu. Ndiyo hiyo PTH ya karatasi ya mjomba. Mwaka 1970 David Fraser na Egon Kodicek wa Cambridge walithibitisha kwamba figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili mwili uweze kuitumia kufyonza kalisi ya chakula. Kwa maneno mengine, figo si chujio tu. Ni jiko pia. Na mnamo 1972 Eduardo Slatopolsky na wenzake wa St. Louis walionyesha kwamba mbwa wenye figo zilizopunguzwa wakilishwa fosforasi kwa kipimo kinachopungua sambamba na figo zao, homoni haipandi.

Hapa ndipo jibu la maziwa lilipo. Fosforasi imo katika maziwa, nyama, samaki, maharagwe, na huongezwa kwa wingi katika soda nyeusi na vyakula vya viwandani. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo iliyokufa haiwezi, na mashine nayo huitoa kwa shida, hasa kwa mtu anayesafishwa mara mbili tu kwa wiki. Fosforasi inapojaa katika damu na vitamini D iliyokamilika inapoadimika, kalisi hushuka. Tezi nne zinapata habari kwamba kalisi imepungua, na kazi yake zinaijua moja: kukopa kutoka mifupani. Zinakopa leo, zinakopa kesho. Kwa kuwa hali haitengemai, zinakua ili zikope zaidi, kutoka punje ya mchele hadi ukubwa wa harage au hata zaidi. Maziwa yana kalisi, ni kweli. Lakini yana fosforasi pia, na kwa mtu kama mjomba hiyo ndiyo inayomwita mkopeshaji mlangoni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Damu hupata kalisi yake siku hiyo, na moyo ukaendelea kupiga. Mifupa ndiyo inayokalia matanga.

Matibabu nayo yana historia ya kulipa deni kwa deni jingine. Ili kuzuia fosforasi isifyonzwe, madaktari waliwapa wagonjwa dawa zenye alumini, ziinase tumboni kabla haijaingia katika damu. Zilifanya kazi hiyo vizuri. Kisha mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver waliripoti kuwapo kwa alumini nyingi katika ubongo wa wagonjwa wa mashine waliokufa wakiwa wamepoteza usemi na akili. Dawa zenye kalisi zikachukua nafasi ya alumini. Nazo zikaja kushukiwa kuongeza chokaa katika mishipa. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha sevelamer, isiyo na alumini wala kalisi, ila bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Vitamini D iliyokamilika tayari ilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, nayo husaidia kuzituliza tezi, lakini ikizidi hupandisha kalisi na fosforasi kwa pamoja.

Mwaka 1993 Edward Brown na Steven Hebert wa Boston walitambua, katika tezi za ng’ombe, kipokezi ambacho tezi hutumia kuionja kalisi iliyomo katika damu. Ulimi wa tezi, tuseme. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana cinacalcet, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ambayo huufanya ulimi huo uonje kalisi kuwa nyingi kuliko ilivyo, tezi zikapunguza kukopa. Hushusha PTH, hilo halina shaka. Lakini jaribio kubwa la wagonjwa 3,883, lililochapishwa mwaka 2012, halikuthibitisha kwa hesabu iliyopangwa tangu mwanzo kwamba dawa hiyo inapunguza vifo au maradhi makubwa ya moyo. Kushusha tarakimu kwenye karatasi na kumwongezea mtu uhai ni mambo mawili.

Kuna tezi ambazo hukopa kwa muda mrefu hadi zikasahau kusikiliza. Hata kalisi ikipanda, hazinyamazi. Hapo ndipo kisu hurudi. Mpasuaji huondoa tezi tatu na nusu, au huondoa zote nne na kupandikiza vipande vidogo kwenye msuli wa mkono, njia iliyoenezwa na Samuel Wells katika miaka ya 1970. Sababu ya mkono ni nyepesi: vipande vikikua tena kupita kiasi, ni rahisi kupunguza mkononi kuliko kufungua shingo mara ya pili.

Nirudi nyumbani. Baada ya siku ile ya matatu nilimwomba mjomba anionyeshe dawa zake. Alikuwa amepewa vidonge vya kunasa fosforasi kwa muda wa miaka miwili, na alivimeza kwa uaminifu mkubwa. Kwenye pakiti palikuwa pameandikwa kwa kalamu: 1 x 3. Aliambiwa ni kimoja mara tatu kwa siku. Naye, kwa kuogopa vidonge visimchafue tumbo, alivimeza saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, tumbo likiwa tupu. Vidonge hivyo hufanya kazi vikikutana na chakula tu. Visipokutana na chakula, havina cha kunasa. Kwa miaka miwili mjomba alikuwa ameza dawa, na dawa ilipita tu.

Sijui nani wa kulaumiwa, wala simlaumu mtu. Msururu wa kliniki ile mnaujua. Lakini nililolielewa ni hili: neno lililokosekana halikuwa parathairoidi. Lilikuwa “pamoja na chakula”. Maneno matatu ya Kiswahili cha kila siku.

Sisi wa lugha tumezoea kulilia istilahi. Tunagombana iwapo iandikwe kalisi au kalsiamu, figo au nso. Mimi mwenyewe napendekeza “tezi linda-kalisi” kwa parathairoidi, ili jina liseme kazi na si ujirani, na anayeona halifai aniandikie. Tunasema pia “kusafishwa figo” ilhali kinachosafishwa ni damu, na kosa hilo si dogo: nimekutana na mgonjwa aliyeamini kwamba figo zake zikishasafishwa vya kutosha zitaamka, ndipo asione haja ya kujinyima chakula chochote. Istilahi zina thamani. Ila istilahi isiyofika kwenye pakiti ya dawa na kwenye kinywa cha muuguzi ni pambo la kamusi.

Hatimaye mjomba alipasuliwa shingo. Muwasho ulipungua siku chache baadaye, jambo alilolisimulia kuliko yote. Lakini kalisi yake ilishuka ghafla, midomo na vidole vikaanza kufa ganzi, na mkaza mjomba akaingiwa na hofu kwamba upasuaji umeharibika. Muuguzi mmoja, mwanamama wa makamo, akamketisha pembeni. “Mama, usiogope. Mifupa yake ilikuwa na njaa miaka yote hii. Sasa aliyekuwa akiipora ameondoka, inakula kalisi yote ya damu. Tunamwongezea hadi ishibe.”

Jina hilo la mifupa yenye njaa si la muuguzi. Ni Albright aliyeipa hali hiyo jina katika miaka ya 1940. Lakini mkaza mjomba hakuhitaji kumjua Albright. Alielewa papo hapo. Na kwa kuwa fosforasi nayo ilikuwa imeshuka, madaktari walimruhusu mzee maziwa kwa wiki chache. Mkaza mjomba alimchemshia asubuhi na jioni, akikaa kando ya kitanda hadi kikombe kimalizike.